Sura ya Sita: Prosesa Mbele ya Wasaili Wake

Kabla prosesa haijafika katika duka la Mjambere, hapa Mombasa, iwe imo ndani ya kompyuta mpya iliyopitia bandari ya Kilindini au kiwanja cha ndege cha Moi kule upande wa Changamwe, au imo katika mojawapo ya zile kompyuta kuukuu ambazo wafanyabiashara wetu huziita ex-UK, imekwisha kusimamishwa mbele ya wasaili wengi ambao kazi yao yote ni kuitafutia dosari. Habari za wanaobuni prosesa zimeandikwa sana, na majina ya baadhi yao yajulikana. Ama wale wanaoijaribu, ambao katika viwanda vikubwa aghalabu huwa wengi kuliko wabunifu wenyewe, hawatajwi ila siku wanapopitwa na kosa, na hapo hasara huhesabiwa kwa mamia ya mamilioni ya dola. Sura hii ni yao.

Swali la kwanza la mwenye akili yeyote litakuwa hili: mbona isijaribiwe kila hesabu inayoweza kupigwa, shaka ikaisha? Jawabu limo katika hisabati yenyewe. Chukua amri moja tu, ile ya kuzidisha namba mbili, kila namba ikiwa na tarakimu 64 za mfumo wa sifuri na moja. Jozi zinazoweza kuzidishwa zafikia 34 ikifuatwa na sifuri 37. Na lau mtambo ungejaribu jozi bilioni moja kila sekunde, usiku na mchana bila ya kusita, ungehitaji miaka ambayo idadi yake ni 1 ikifuatwa na sifuri 22, ilhali umri wa ulimwengu wote, kwa hesabu ya wanafalaki, hauzidi miaka bilioni 14. Na hiyo ni amri moja, katika prosesa yenye mamia ya amri na mabilioni ya transista. Kwa hiyo msaili hawezi kuuliza kila kitu. Sharti achague maswali yake, na chipu itakayotoka mikononi mwake itakuwa imethibitika katika yale aliyokumbuka kuyauliza, haikuthibitika katika mengineyo.

Usaili huanza hata silikoni, yaani chipu yenyewe, haijakuwapo. Wabunifu huiandika prosesa kwa lugha maalumu, takriban kama mtu aandikavyo programu, na maandishi hayo huendeshwa ndani ya kompyuta nyingine ili ionekane iwapo chipu itakayotokana nayo itatii. Maelfu ya kompyuta hukesha zikiyatupia maandishi hayo amri za nasibu, na kila jawabu hulinganishwa na jawabu la kielelezo kilichoandikwa na watu wengine, kwa kuwa aliyekosea katika kubuni ni rahisi kukosea vile vile katika kusahihisha. Baadaye maandishi hupandishwa juu ya mitambo mikubwa ya kuigiza, iliyojaa chipu zinazoweza kupangwa upya, na hapo hufikia hadi Windows au Linux kuwashwa juu ya prosesa ambayo bado haijatengenezwa. Mashaka yote haya yana sababu ya fedha na ya wakati pia: kuitengeneza silikoni kiwandani huchukua takriban miezi mitatu, na vielelezo vinavyotumika kuichapa michoro yake hugharimu mamilioni ya dola, hivyo kosa ambalo katika maandishi lingefutwa kwa alasiri moja, likifika katika silikoni hula robo ya mwaka.

Hapana kisa kinachoonyesha uzito wa jambo hili kama kile cha mwaka 1994. Profesa mmoja wa hisabati, Thomas Nicely, wa Chuo cha Lynchburg katika jimbo la Virginia, Marekani, alikuwa akifanya utafiti wa namba tasa pacha, yaani namba tasa zinazopishana kwa mbili, na kazi yake ilimtaka ajumlishe mabilioni ya sehemu ndogo ndogo kwa kompyuta kadhaa. Mwezi wa Juni aliona majumlisho hayalingani. Hakuishitaki mashine upesi, kwani mtu wa elimu huanza kwa kujishuku nafsi yake. Aliipekua programu yake, akaichunguza kumbukumbu ya kompyuta, akabadilisha mazabodi, akaondoa sababu moja baada ya nyingine, mpaka Oktoba asibakiwe na mshitakiwa mwingine ila prosesa yenyewe, Pentium ya kampuni ya Intel, ambayo ilikuwa fahari ya soko wakati huo.

Msomaji mwenye kalamu na subira aweza kulipima kosa hilo mwenyewe. Gawanya 4,195,835 kwa 3,145,727, utapata 1.3338204 na kuendelea. Pentium ile ilijibu 1.3337390. Mtu asiyezoea hesabu huenda akasema tofauti hiyo si kitu. Lakini alizidishe jawabu la pili kwa 3,145,727, kisha alitoe katika 4,195,835, na mahali ambapo pangepasa kubaki sifuri atakuta 256 hivi. Asili ya balaa ilikuwa jedwali dogo ndani ya prosesa, ambalo mashine huliangalia ili kukisia tarakimu inayofuata ya jawabu, kama mwanafunzi anavyokisia "inaingia mara ngapi" afanyapo mgawanyo mrefu. Jedwali lilikuwa na vyumba 1,066 vya kujazwa, na, kwa maelezo ya Intel, vitano miongoni mwavyo viliachwa tupu. Ni jozi chache mno za namba zilizoelekea katika vyumba hivyo, na ndiyo sababu mamilioni ya majaribio yalipita kando yake yasivione.

Linalonigusa zaidi katika kisa hiki ni yaliyofuata. Intel ilikuwa imekwisha kuliona kosa lile katika majaribio yake yenyewe, ikaamua kwamba ni la nadra, ikakadiria kuwa mtumiaji wa kawaida atakutana nalo mara moja katika miaka 27,000. Kampuni ya IBM ikajibu mwezi wa Desemba kwamba, kwa mahesabu yake, huenda likamfikia mtu kila siku 24, ikasimamisha kuuza kompyuta zenye prosesa hiyo. Kampuni mbili, kosa lile lile, na makadirio yenye kutofautiana kuliko mbingu na ardhi, kwa sababu kila mmoja alimfikiria mtumiaji wa aina yake. Tarehe 20 Desemba Intel ilikubali kumbadilishia prosesa kila atakaye, na hesabu ya gharama ikafika dola milioni 475. Baada ya hapo viwanda vilitia bidii katika njia nyingine ya usaili, ile ya ithibati ya kihisabati, ambamo badala ya kuitupia chipu mifano, mtaalamu huthibitisha kwa hoja, kama zile za jiometria, kwamba mzunguko wa kugawanya hutoa jawabu sahihi kwa kila namba iwezayo kuwapo. Njia hiyo huyaruka yale mabilioni ya miaka tuliyoyataja, ijapokuwa haiwezi bado kuizunguka prosesa nzima.

Sasa silikoni ya kwanza ikitoka kiwandani, hupelekwa kwa wahandisi ambao wengi wao hawatalala vizuri kwa majuma. Chipu huwekwa juu ya bodi ya majaribio, ikapewa umeme, na kusubiriwa iamke. Ikiamka, huendeshwa kwa volti za chini kuliko ilivyoahidiwa na za juu kuliko hizo, kwa kasi ndogo na kubwa, katika baridi na joto, na matokeo huchorwa katika jedwali la miraba, mahali ilipofaulu na mahali iliposhindwa, ili ujulikane mpaka wake wa kweli uko wapi. Huundwa kwa makusudi chipu nyingine zilizo za polepole na nyingine zilizo za kasi kuliko kawaida, kwa kuupotosha kidogo utengenezaji, ili ijulikane kama hata zile zitakazotoka siku mbaya ya kiwanda zitafanya kazi. Makosa yakipatikana, husahihishwa, na chipu hutolewa toleo la pili na la tatu kabla ya kuuzwa.

Katika kuichungulia chipu ndani, wahandisi hutumia mlango mdogo wa pini nne au tano, uliowekewa kanuni na taasisi ya wahandisi ya IEEE mwaka 1990, ukijulikana kwa jina la JTAG. Jina hilo si geni kwa mafundi wetu wa simu, kwa kuwa kwa mlango huo huo huzifufua simu zilizokufa programu. Chombo alichobuniwa msaili wa kiwandani kimemfaa fundi wa mtaani, ambaye hakuna aliyemfikiria kilipokuwa kikitengenezwa.

Chipu ikishakubaliwa kuwa imebuniwa sawa, huanza usaili wa namna nyingine, kwani mchoro ulio sahihi si dhamana kwamba kila kipande kitachapwa sawa. Chipu hutengenezwa kwa mamia juu ya sahani moja ya silikoni yenye kipenyo cha milimita 300, na kabla sahani haijakatwa, sindano nyembamba hushuka juu ya kila chipu, zikaitia umeme na kuisoma. Ndani ya chipu, wabunifu walikwisha kupanga mizunguko ya kuhifadhia iweze kuungwa katika minyororo mirefu, ili msaili aingize sifuri na moja upande mmoja na azipokee upande wa pili, akijua hasa ni zipi zilizopaswa kutoka. Kazi hii huhesabiwa kwa sekunde, kwa sababu mitambo yake ni ghali na chipu ni mamilioni. Zilizofaulu hukatwa, zikafungwa katika vifuko vyake, aghalabu katika viwanda vya Asia kama vile vya Penang, Malaysia, ambako Intel imekuwapo tangu mwaka 1972, kisha zikajaribiwa tena.

Hapo ndipo hukumu hutolewa kwa madaraja. Chipu zilizochongwa katika sahani moja hazifanani: hii yaweza kwenda mbio kwa umeme mdogo, ile yataka umeme mwingi ili iende polepole, na nyingine ina kiini kimoja kibovu kati ya viini vyake vya kupigia hesabu. Yenye kiini kibovu haitupwi. Kiini hicho huzimwa, na chipu huuzwa kwa bei nafuu. Mwaka 2008 kampuni ya AMD ilitoa prosesa za viini vitatu ambazo kwa asili ziliumbwa na vine. Mwanafunzi wa Kisauni anayenunua kompyuta ya daraja la chini, basi, huenda amebeba kipande kilichotoka katika sahani ile ile iliyomzalia tajiri prosesa yake ya thamani.

Yamebaki majaribio ya umri, nayo ndiyo yanayotuhusu sisi watu wa pwani kuliko yote. Haiwezekani kila chipu izeeshwe kwanza ndipo iuzwe. Kwa hiyo huchukuliwa chache, kama mpishi wa pilau anavyoonja punje chache akaihukumu sufuria nzima, maadamu ajua kuwa zote zimeiva katika moto mmoja. Desturi iliyoenea, kwa kufuata kanuni za JEDEC, jumuiya ya viwanda vya chipu, ni kuchukua chipu 77 kutoka katika kila fungu, mafungu matatu, na kutokubali hata moja ife. Huwekwa katika tanuri la nyuzi 125 za Selsiasi, zikiwa zimewashwa, kwa saa 1,000. Hesabu yake imejengwa juu ya kanuni ya kemia, kwamba joto huharakisha mabadiliko yanayoila chipu, na kwa makadirio ya kawaida saa moja ndani ya tanuri lile ni sawa na saa 78 hivi kwa nyuzi 55. Hivyo saa 1,000 husimama badala ya karibu miaka tisa. Nyingine huzungushwa baina ya nyuzi 55 chini ya sifuri na 125 juu yake, mara mamia, ili viungo vyake vilegee kama vina nia ya kulegea. Na nyingine huwekwa katika nyuzi 85 za joto na unyevu wa asilimia 85, vile vile kwa saa 1,000.

Mkazi wa Mjambere akisikia habari ya unyevu huo hatashangaa sana. Hewa ya Mombasa huchukua unyevu wa asilimia 75 hadi 80 kwa wastani, na katika Machi joto la mchana hupanda mpaka nyuzi 32 au 33, tena pepo za bahari huleta chumvi hadi ndani ya vyumba. Chipu yenyewe, ikiwa imefungwa vizuri, huyastahimili hayo, kwani imekwisha kupita makubwa zaidi. Lakini chipu haiishi peke yake. Mama mmoja huleta kompyuta ya mwanawe kwa fundi, akasema, "Mwanangu, mashini hii yazima yenyewe kila adhuhuri." Na fundi, kabla hajaifungua, humjibu, "Haizimi bure, mama, yajiokoa." Ni kweli tupu. Prosesa ina vipima joto ndani yake. Ikikaribia nyuzi 100 hupunguza kasi kwa hiari yake, na ikiona hatari haiondoki, hujizima isiungue. Fundi akifungua, hukuta feni imegandwa na vumbi lililoshikana kwa unyevu na chumvi, pesti iliyopo baina ya prosesa na kipoza joto imekauka na kupasuka, na miguu ya shaba ya feni imeanza kuota kutu ya kijani. Huifuta pesti kwa spiriti, akapaka mpya nyembamba, akaipiga feni brashi, akairudishia mama mashine yake. Prosesa ilikuwa salama tangu mwanzo. Kilichoshindwa ni vile vilivyoizunguka, ambavyo havikusailiwa kwa ukali ule ule, wala havikusailiwa na mtu aliyewazia chumba cha mabati kisicho na kiyoyozi, chenye stima inayokatika na kurudi kwa kishindo.

Na wakati mwingine hata chipu iliyofaulu yote hudhulumiwa na swali lisiloulizwa. Januari 2011 Intel ilitoa sokoni prosesa mpya pamoja na chipuseti yake, ile chipu ya pili juu ya mazabodi inayoipatanisha prosesa na diski na vifaa vingine. Chipuseti ilikuwa imefaulu mitihani yake. Kabla mwezi haujaisha, tarehe 31, kampuni ilisimamisha kuipeleka kwa wateja: transista moja katika sehemu ya kuendeshea baadhi ya milango ya diski ilikuwa ikipewa volti kubwa kuliko uwezo wake, na milango hiyo ingedhoofika polepole kwa miaka. Siku ya kwanza hungeona lolote, wala mwezi wa kwanza. Intel ilikadiria gharama ya kurekebisha na kubadilisha kuwa dola milioni 700, ukiacha mauzo ya dola milioni 300 yaliyopotea. Nao mwaka 2024 kampuni hiyo hiyo ililazimika kutoa marekebisho na kuongeza dhamana ya miaka miwili kwa baadhi ya prosesa zake za mezani, kwa sababu zilikuwa zikijiombea volti ya juu kupita kiasi na kuzeeka kabla ya wakati. Katika kisa hiki cha pili malalamiko ya wanunuzi yalikuwa sehemu ya ushahidi. Wasaili wa mwisho walikuwa watumiaji.

Fikra yangu ni kwamba usaili huo wa mwisho tunaufanya sisi pia, kila siku, na tunautupa. Maelfu ya kompyuta hufunguliwa katika vibanda vya Kisauni, Likoni na Changamwe. Mafundi wetu wajua ni mazabodi za aina gani zisizostahimili chumvi, ni chaja zipi zinazoua chipu stima inaporudi, na ni baada ya miaka mingapi pesti hukauka katika hewa yetu. Lakini maarifa hayo hukaa kichwani mwa fundi mmoja na hufa naye. Nchi haikosi mahali pa kuyapeleka. Kule Nyeri, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kiko kiwanda cha Semiconductor Technologies Limited, kilichoasisiwa na Anthony Githinji, na Mei 2024 serikali ya Marekani ilitangaza nia ya kuishirikisha Kenya, ya kwanza katika Afrika, katika mfuko wa sheria yake ya chipu unaohusu mataifa ya nje. Na hapa petu, ng'ambo ya daraja la Nyali, pale Tudor, kiko Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, ambacho mizizi yake ni ile taasisi ya elimu ya Waislamu iliyoasisiwa mwaka 1948 na kufunguliwa kwa wanafunzi mwaka 1951, ikawafundisha vijana wa pwani umeme na kazi za bahari wakati elimu hiyo ilikuwa adimu kwao. Chuo chenye asili hiyo, kilichojengwa kando ya maji ya chumvi, kina haki kuliko vyote ya kuwa na chumba cha kupimia jinsi vyombo vya umeme vinavyozeeka katika pwani ya Afrika Mashariki.

Kuanza hakuhitaji tanuri la nyuzi 125. Kunahitaji daftari. Enyi mafundi wa Mjambere na wa ng'ambo zote, kila mashine mnayoifungua andikeni tarehe, aina ya mazabodi, mwaka ilipotengenezwa, mahali ilipokuwa ikitumika, kilichoharibika, na joto mliloliona. Na enyi walimu wa Tudor, yapokeeni madaftari hayo, yajumlisheni, mkayachapishe kwa majina ya walioyaandika.